Ghali au nafuu? Maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu bei za hisa na mifuko ya fahirisi

Chama chetu kiko Mombasa, tuko watu 18, na mimi ndiye mweka hazina. Miaka ya mwanzo pesa zetu zote zilikaa kwenye dhamana za serikali, kisha tukaanza kununua hisa, na hapo ndipo maswali yalipoanza kumiminika. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie kujibu kila mkutano. Mimi si mshauri aliyesajiliwa. Nina daftari, kikokotoo na mazoea ya kusoma hesabu za kampuni kabla ya kulala.

Kuthamini hisa maana yake nini hasa?

Chukua nyumba ya vyumba viwili kule Likoni. Mwenyewe anaiuza milioni 3, na mpangaji analipa 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Gawa: bei ni kodi ya miaka 12 na nusu. Sasa uvumi unaenea kwamba daraja linakuja, na mwenye nyumba anapandisha bei hadi milioni 6. Mpangaji ni yuleyule, kodi ni ileile, hata bati halijabadilishwa, ila sasa unatakiwa kulipa kodi ya miaka 25. Hiyo milioni 3 ya ziada ni bei ya matumaini.

Hisa ni vivyo hivyo. Badala ya kodi unaangalia faida ya kampuni ukiigawa kwa idadi ya hisa, kisha unagawa bei kwa hiyo faida. Madalali huuita uwiano huo P/E. Ukiwa 10, unalipa shilingi 10 kwa kila shilingi 1 ya faida ya mwaka. Mimi nauita kipimo cha matumaini, kwa sababu ndicho unachokipima hasa: watu wanatarajia makubwa kiasi gani kutoka kwa kampuni hii?

Tuonyeshe kwa hisa moja tunayoijua.

Safaricom, basi. Serikali ilipouza robo ya kampuni mwaka 2008, bei ilikuwa shilingi 5. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa karibu bilioni 13.85, na hisa zilikuwa bilioni 40, kwa hiyo kila hisa ilibeba faida ya senti 35 hivi. Uwiano ni 14. Haikuwa bei ya wizi, wala haikuwa zawadi. Ila nchi nzima ilikuwa kwenye foleni, maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano, na watu walikopa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mkopo wa sacco mfukoni. Ungeniuliza siku ile faida kwa kila hisa ni ngapi, ningekuuliza faida gani.

Hisa zilianza kuuzwa sokoni Juni 2008, bei ikapanda kupita 7, na mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Faida nayo ilikuwa imeshuka hadi senti 26 kwa hisa. Wengi waliokuwa wamekopa waliuza hapo.

Sasa ruka hadi Agosti 2021. Bei ilifika karibu 44. Faida kwa kila hisa ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa shilingi 1.71, na gawio, yaani sehemu ya faida inayolipwa wenyehisa, 1.37. Uwiano ni karibu 26, na gawio ni kama shilingi 3 kwa kila 100 uliyoweka. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 2023, hisa hiyohiyo ulikuwa ukiipata kwa 13. Faida ilikuwa imeanguka kwa theluthi mbili pia? Hapana. Kwa mwaka ulioishia Machi 2023, faida ya wenyehisa ilikuwa 1.55 kwa hisa, hata baada ya gharama za kuingia Ethiopia, na gawio lilikuwa 1.20.

Hebu iangalie tena hiyo hesabu. Faida ilishuka kama asilimia 9. Bei ilishuka kama asilimia 70. Uwiano ulitoka 26 hadi 8. Aliyenunua kwa 44 hakukosea kuhusu kampuni. M-Pesa iliendelea kutumika asubuhi na jioni. Alichokosea ni kulipia matumaini ya watu wengine kwa bei ya rejareja.

Kwa hiyo mwishoni mwa 2023 mlijaza gunia?

Tulinunua kidogo, na hapa ndipo tulipobishana mpaka chai ikapoa.

Kwa bei ya 13 na faida ya 1.55, kila shilingi 100 uliyoweka ilikuwa na faida ya kampuni ya shilingi 12 nyuma yake. Inavutia. Lakini dhamana za serikali za siku 91 wakati huohuo zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15, na Februari 2024 hatifungani ya miundombinu, yaani mkopo wa miaka mingi kwa serikali, ilitoka kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Mama mmoja wa chama chetu, anayeuza vitambaa Marikiti, aliuliza swali moja tu: "Kwa nini nipate 12 za wasiwasi badala ya 18 za kulala?"

Alikuwa na hoja nzito. Bei haiwi nafuu peke yake, inakuwa nafuu ukiilinganisha na mahali pengine ambapo pesa hiyo ingekaa. Riba ya serikali ikipanda, hisa lazima ishuke bei ndipo ivutie. Upande wa pili wa hoja, ambao baba mmoja mstaafu wa bandari aliusimamia, ni kwamba riba ya dhamana ya miezi mitatu unaipata miezi mitatu, kisha unaanza upya kwa riba mpya, lakini hisa uliyoinunua kwa 13 umeinunua kwa 13 milele. Riba zilianza kushuka nusu ya pili ya 2024, na katikati ya 2025 Safaricom ilikuwa imepita 25. Mama wa Marikiti naye bado anakula 18.46 yake. Wote wawili wamenuna kidogo, kila mmoja akidhani angenunua zaidi.

Nimeona hisa yenye uwiano wa 2. Si ni pesa za bure?

Uwiano wa 2 unamaanisha soko linakuambia: hatuamini kwamba faida hii itatufikia mkononi. Wakati mwingine soko limekosea, wakati mwingine limeona moshi kabla yako. Kazi yako ni kuuliza linahofia nini.

Mfano wa kwanza, KCB. Mwisho wa 2023 hisa ilikuwa karibu shilingi 22, na faida ya mwaka huo ilitoka zaidi ya shilingi 11 kwa hisa. Kumbe hofu ilikuwa na msingi: benki haikutoa gawio kwa mwaka 2023. Aliyeingia kwa ajili ya gawio alitoka mikono mitupu. Aliyevumilia, mwaka uliofuata faida ilipanda, gawio la shilingi 3 likatolewa, na kufikia mwisho wa 2024 bei ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu.

Mfano wa pili, Mumias, kampuni ya sukari. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2012 kampuni ilitangaza faida ya takriban bilioni 2. Hisa zilikuwa bilioni 1.53, bei ni shilingi 5 na ushei, uwiano kama 4. Nafuu! Mwaka uliofuata ikatangaza hasara ya zaidi ya bilioni 1.6, na 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa ili kukusanya madeni ya kampuni iliyoshindwa kulipa. Uwiano wa 4 ulihesabiwa kwa faida ambayo haikurudi tena.

Kwa hiyo, kabla ya kusherehekea namba ndogo, tunaweka faida ya miaka mitano kwenye mstari mmoja. Ikiwa inapanda na kushuka kama maji ya Kilindini, hatutumii faida ya mwaka mmoja, tunatumia wastani. Kisha tunaangalia deni. Kisha tunauliza kama pesa taslimu iliyoingia inafanana na faida iliyotangazwa, kwa sababu faida inaweza kuandikwa kwa kalamu, lakini pesa taslimu ni vigumu kuizua.

Kwa benki tunaongeza kipimo kimoja: bei dhidi ya mtaji wa wenyehisa kwa kila hisa. Benki inayouzwa chini ya mtaji wake inasema kitu kuhusu mikopo yake, au kuhusu riba ya nchi, na mara nyingi vyote viwili.

Na kampuni nzuri kweli, nayo inaweza kuwa ghali mno?

Cisco, Marekani, Machi 2000. Ilikuwa ikitengeneza vifaa vinavyounganisha intaneti, na kwa siku chache ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, ikiuzwa kwa zaidi ya mara 100 ya faida yake. Waliosema intaneti itabadilisha dunia walikuwa sahihi kabisa. Waliosema Cisco itauza vifaa vingi na kupata faida kubwa zaidi walikuwa sahihi pia. Hisa ilishuka zaidi ya asilimia 80 kufikia 2002, na ilichukua zaidi ya miaka 20 bei kurudi ilipokuwa, ingawa faida ilikuwa imekua mara kadhaa.

Nawapa mfano huu kila mtu anaponiletea hisa ya akili mnemba.

Mimi sichagui hisa, nanunua mfuko wa fahirisi. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, ila kwa namna nyingine. Mfuko wa fahirisi unanunua kampuni zote za orodha fulani, kwa mfano kampuni kubwa 500 za Marekani zilizo kwenye S&P 500, bila kuuliza bei. Uzuri wake ni gharama ndogo na kwamba Mumias moja haikuui. Lakini orodha nzima inaweza kuwa ghali kwa pamoja.

Kwa soko zima, faida ya mwaka mmoja hupotosha, hasa mwaka wa mdororo ambapo faida hupotea na uwiano kuruka juu wakati ambapo bei ziko chini. Robert Shiller, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013, pamoja na John Campbell, walipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1980 tugawe bei kwa wastani wa faida ya miaka 10, baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Kipimo hicho huitwa CAPE. Kwa Marekani, tangu 1881, wastani wake ni kama 17. Desemba 1999 kilifika 44. Machi 2009, siku za kilio, kilikuwa kama 13. Kwa sehemu kubwa ya 2025 kilikuwa juu ya 35.

Namba hiyo inasema nini? Haisemi chochote kuhusu mwaka ujao, kabisa. Inasema jambo kuhusu miaka 10. Mtu aliyenunua S&P 500 mwisho wa 1999 aliikuta kwenye 1,469, na mwisho wa 2009 ilikuwa 1,115; hata akiongeza magawio, alikuwa bado kwenye hasara baada ya muongo mzima. Japani ni mbaya zaidi: fahirisi ya Nikkei ilifunga 38,915 mwisho wa 1989, na haikuivuka namba hiyo tena hadi Februari 2024. Kijana aliyenunua akiwa na miaka 30 aliiona bei yake tena akiwa na 64.

Basi CAPE ikiwa juu niuze nikae na pesa taslimu?

La. Na hili ndilo kosa ambalo watu wenye akili hulifanya zaidi kuliko wasio nazo.

Desemba 1996, Alan Greenspan, mkuu wa benki kuu ya Marekani, aliuliza hadharani kama wawekezaji wamepagawa. CAPE ilikuwa kama 28, kiwango ambacho hapo awali kilipitwa tu mwaka 1929. S&P 500 ilikuwa karibu 740. Aliyemsikiliza na kuuza aliitazama ikipanda hadi 1,527 Machi 2000, zaidi ya maradufu. Ni kweli kwamba Machi 2009 ilifunga 676, chini ya alipouzia. Lakini ilimbidi asubiri zaidi ya miaka 12, bila magawio, kisha awe na moyo wa kununua wakati benki zikianguka na majirani wakimcheka. Sijakutana na mtu wa namna hiyo.

Kuna jambo jingine. Tangu mapema miaka ya 1990, kipimo hicho kimekuwa juu ya wastani wake karibu muda wote, isipokuwa miezi michache ya 2008 na 2009. Aliyesema "nitanunua ikirudi kwenye wastani" ameketi nje karibu maisha yake yote ya kazi. Huenda wastani wenyewe umehama: kanuni za uhasibu zimebadilika, aina za kampuni zimebadilika. Kipimo ni dira, hakina saa.

Kuna fahirisi ya Nairobi. Si ni sawa tu, na iko nyumbani?

Jina ni lile lile, yaliyomo ni tofauti. Mwaka 2021 Safaricom peke yake ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote la Nairobi. Kwa hiyo fahirisi ya hisa zote, NASI, ilikuwa zaidi Safaricom na kidogo benki. Unadhani umetawanya mayai, kumbe umeyaweka kwenye kikapu kimoja kikubwa na vikombe vichache pembeni. S&P 500 nayo ina uzito juu; kampuni 10 za kwanza zilivuka theluthi moja ya orodha mwaka 2024. Bado si nusu kwa kampuni moja.

Na usiamini kwamba fahirisi hupanda tu ukisubiri. NASI ilianzishwa ikiwa 100 mwanzoni mwa 2008. Mwisho wa 2023, miaka 16 baadaye, ilikuwa karibu 92. Fahirisi ya kampuni 20 ilizidi 6,000 Januari 2007 na mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 1,500. Namba hizi hazihesabu magawio, na Nairobi magawio ni sehemu kubwa ya chakula. Hata hivyo, bei ya kuingilia inauma zaidi kwenye soko dogo, ambalo wageni wakitoka wote kwa pamoja hakuna wa kununua.

Na dola?

Ukinunua mfuko wa nje kwa shilingi unanunua vitu viwili, hisa na dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na katikati ya mwaka ikawa kama 129. Aliyekimbilia nje kwa hofu Januari alipoteza karibu moja ya tano ya shilingi zake kabla hisa zenyewe hazijafanya lolote. Siku hizi tunapeleka nje kiasi kilekile kila robo mwaka, tukiwa na hofu au bila hofu.

Ndugu zetu wa Tanzania wanapimaje?

Hesabu ni ileile. NMB, kwa mfano: hisa milioni 500, faida ya 2023 zaidi ya shilingi bilioni 540, kwa hiyo zaidi ya 1,080 kwa hisa. Mwisho wa mwaka huo bei ilikuwa karibu 4,500, uwiano kama 4, na gawio la mwaka lilikuwa 361. Kwa benki ambayo faida yake ilikuwa ikikua kila mwaka, mimi hiyo niliiona nafuu waziwazi. Angalizo moja: soko la Dar es Salaam hisa nyingine hupita wiki bila kuuzwa, na bei unayoiona ubaoni ni ya mara ya mwisho mtu kununua. Kabla ya kuithamini, uliza kama unaweza kuipata kwa bei hiyo. Tena usichanganye mfuko wa fahirisi na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS kama Umoja. Ile ina meneja anayechagua, na kipande chake kina bei inayotokana na thamani ya mali iliyomo.

Chama chenu hufanyaje, kwa vitendo?

Mchango wa kila mwezi unaingia kwenye mfuko wa fahirisi na dhamana kwa mgawo tuliokubaliana, na hakuna ruhusa ya kuusimamisha kwa sababu "soko liko juu". Uthamini una sauti kwenye pesa za ziada tu: magawio yaliyoingia, dhamana iliyoiva, faini za wachelewaji. Hizo ndizo tunazoelekeza kunakoonekana nafuu.

Kwa hisa moja moja, hakuna kampuni inayopewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pesa zote. Anayependekeza hisa lazima aandike kwa sentensi mbili kwa nini wengine hawaitaki. Akishindwa kuandika, hatununui. Kanuni hiyo imetuokoa kuliko uwiano wowote.

Kuuza hutusumbua zaidi. Tulikubaliana tuuze ikiwa faida imeharibika au sababu iliyoandikwa imekufa, siyo kwa kuwa bei imepanda. Mwaka jana tulivunja kanuni hiyo mara moja na bado tunalaumiana.

Faida kwa kila hisa naipata wapi?

Kampuni hutangaza hesabu zake magazetini na kwenye tovuti yake, karatasi moja yenye herufi za kuchosha macho. Usianze juu kwenye maneno ya mwenyekiti. Shuka kwenye taarifa ya mapato mpaka mistari ya mwisho, utakuta faida kwa hisa, kuna ya kawaida na iliyopunguzwa, yaani iliyohesabu pia hisa zinazoweza kutolewa baadaye. Chukua iliyopunguzwa, ndiyo ndogo. Angalia kama ni ya mwaka mzima au nusu mwaka. Wawili kati yetu wamewahi kugawa bei kwa faida ya miezi sita wakaikimbia hisa nzuri. Angalia pia kama kampuni iliuza jengo au tawi mwaka huo, kwa maana faida hiyo haitarudi, itoe. Na ikiwa kampuni ilitoa hisa za bonasi, faida za miaka ya nyuma lazima uzigawe kwa idadi mpya ya hisa.

Daftari langu lina safu sita: mwaka, faida kwa hisa, gawio, deni, bei ya siku hiyo, na riba ya dhamana ya serikali siku hiyo hiyo. Safu ya sita niliiongeza baada ya mabishano ya 2023, kwa kalamu nyekundu, na mama wa Marikiti huikagua yeye mwenyewe kila mkutano.